Magunzi ya Kutu

Medali ya shaba niliyovishwa na mama mkwe siku ya harusi yangu ilianza kufifia mwezi uleule nilioanza kupikia gesi. Kwanza ikawa kama imechovywa kwenye chai. Halafu ikawa ya kahawia, na baridi ya mwezi wa saba ilipoingia, uso wa Bikira Maria ulikuwa hauonekani tena. Nyeusi tii, kama kitako cha sufuria.

"Unaona?" mama mkwe aliniambia, ameishika kwa ncha za vidole. "Mimi nimeivaa ujana wangu wote. Nimelima nayo, nimezaa nayo, nimezika nayo. Hakuwahi kukasirika. Wewe umempeleka kwenye gesi yako juzijuzi tu, mwenyewe ameshajifunika uso."

Tangu siku hiyo akawa hakanyagi tena jikoni kwangu.

Nasema jikoni kwangu, lakini lilikuwa jiko la nyumba ya kulelea watoto ya kijiji chetu, huku kwenye miteremko ya Uluguru, njia ya kupandia Kinole. Asubuhi akina mama wakienda shamba la kijiji huwaacha watoto pale, nami nikishirikiana na jirani yangu Mwamvita tunawapikia uji. Tulikuwa tunapikia kuni. Ndipo wakaja mafundi kutoka mjini Morogoro, wakachimba shimo karibu na zizi la ng'ombe wa kijiji, wakalifunika kwa pipa kubwa la chuma lililopinduliwa, wakavuta mpira kutoka kwenye pipa hadi jikoni. Samadi na maji vinaingia upande mmoja, vinachacha humo ndani, na gesi inakuja jikoni kwa mpira. Ukifungua koki na kuwasha njiti, unapata moto wa buluu, mtulivu, usio na moshi hata kidogo.

Huo usio na moshi ndio uliokuwa uhai wangu, kwa sababu ya Yakobo.

Mwanangu Yakobo alizaliwa mwaka wa vita. Alizaliwa mnene, mcheshi, lakini tangu baridi yake ya kwanza kifua chake kilianza kulia kama mlango wenye bawaba kavu. Baba yake, Severini, alikuwa anafanya kazi kiwanda cha sukari huko Mtibwa, anakuja nyumbani kwa nadra, kwa hiyo usiku ule wa kumketisha mtoto wima ili apate pumzi nilikuwa naupitisha na mama mkwe, yeye akimpepea, mimi nikimsugua mgongo. Mganga wa zahanati aliweka sikio lake la mpira mgongoni mwa mtoto, akasikiliza, kisha akaniangalia mimi.

"Mama, unapika ukiwa umembeba?"

"Nambeba. Nikimwacha chini ataingia motoni."

"Basi anavuta moshi kuliko mzee mwenye kiko. Mwondoe kwenye moshi, mama. La sivyo kifua hiki hakitakomaa."

Nimwondoe niende naye wapi? Nyumbani nilihamishia mafiga uani. Lakini ile kazi ya kupika uji wa watoto wote wa kijiji haiwezi kufanyika uani mvua ikinyesha na ukungu ukishuka. Gesi ilipokuja, Yakobo alikaa mgongoni mwangu juu ya moto wa buluu, na kifua chake kikaanza kunyamaza. Alilala usiku kucha. Nikawa mimi ndiye ninayeamka kusikiliza kama bado anapumua.

Shida ilikuwa harufu. Gesi ile ilinuka mayai viza. Haikuingia kwenye uji, naapa, lakini ilijaa jikoni, ikatoka mlangoni, ikawapokea watoto njiani. Walikuja wameshika pua. Mtoto mmoja wa jirani akaupa uji wangu jina la uji wa kuku aliyeatamia bure, na baada ya hapo hata waliokuwa wanakunywa wakaacha. Mwamvita, ambaye wakati huo alikuwa na mimba changa, alikuwa akikoroga mara mbili anatoka nje kutapika mara moja.

"Mama Yakobo," aliniambia siku moja akijifuta mdomo, "ningekuwa sikujui ningesema ni wewe. Ningesema amekula maharage ya jana."

"Nisingekuficha."

"Ungeniangalia mimi, kama kwamba ni mimi."

Tulicheka, lakini uji ulimwagwa siku hiyo, na siku iliyofuata. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Daniel, alikuja kusimama mlangoni. Ni mtu mpole, hajui kugomba. Alisimama hapo akipumulia mdomo.

"Mwanangu, unga huu ni jasho la kijiji. Siwezi kuacha umwagwe. Jumapili baada ya misa tuna mkutano. Harufu ikiwa imeondoka, vizuri. Ikiwa bado ipo, pipa lile tutakingia maji ya mvua, nawe utarudi kwenye mafiga."

"Na Yakobo, mzee?"

Alimtazama mtoto mgongoni mwangu, akamshika kidole cha mguu. "Kijiji kina watoto wengi, mama," akasema taratibu, akaondoka.

*

Jioni hiyo nilikwenda darasani na Yakobo mgongoni na medali mkononi. Nilikuwa nimeshamaliza kisomo cha kujua kusoma na kuandika, sasa tulikuwa kikundi kidogo tulioomba kuendelea, na Mwalimu Hatibu akakubali kutufundisha sayansi jua likielekea kuzama, kabla mafuta ya taa ya karabai hayajahitajika, maana mafuta yalikuwa shida. Mwalimu Hatibu ni Mdigo wa Tanga. Alikuwa hajazoea baridi yetu. Alifundisha amejifunga shuka shingoni.

Nilimpa ile medali. Aliigeuzageuza, akaikwangua kidogo kwa ukucha, shaba ikachungulia.

"Nani amekwambia ni hasira?"

"Mama mkwe."

"Mwambie mama asiogope. Hii ni salfa. Imo kwenye gesi yako, na ndiyo inayokunukia mayai. Imepita hapa, imeipenda shaba, imekaa."

"Salfa ndiyo nini, mwalimu?" akauliza mzee mmoja wa nyuma.

"Kiberiti. Sicho hiki cha kuwashia. Kile cha kwenye Biblia zenu, moto na kiberiti."

Wengine wakafanya ishara ya msalaba. Mwalimu akaona amekosea mlango, akageukia ubao haraka.

Mimi nilitaka kujua kitu kimoja. Niliuliza, "Shaba imeinywa? Kama kitambaa kinavyokunywa maji?"

Alisimama na chaki hewani. Naona alifurahi. "Swali zuri. Hapana, haijainywa. Kitambaa kinakunywa maji mpaka ndani. Hapa ni juu juu. Imenata. Ngoja."

Akachora mstari unaopanda ngazi kwa ngazi.

"Haya ni nini?"

"Matuta," tukasema sote. Mtu wa Uluguru ataacha kujua matuta ya ngazi?

"Haya. Sasa chukua kutu, kutu hii ya jembe. Kutu ni chuma kilichooana na oksijeni ya hewani. Ungekuwa mdogo, mdogo kuliko vumbi, ukatembea juu ya chembe ya kutu, usingeona uchafu. Ungeona shamba. Atomu za chuma na atomu za oksijeni zimepangana safu kwa safu, fuwele, kama mtu aliyepanda kwa kamba. Na fuwele ina matuta na kingo kama mlima wenu huu. Salfa inakuja na gesi, inapita juu ya shamba. Kwenye tambarare inaweza kuteleza ikaenda zake. Lakini kwenye ukingo wa tuta, au mahali oksijeni moja imeng'oka ikaacha kishimo," akatoboa ubao kwa ncha ya chaki, "hapo atomu ya chuma imebaki mkono wazi. Haina wa kumshika. Salfa ikipita hapo, inadakwa. Haizami. Inakaa juu, imeshikwa, kama huyo mgongoni mwako."

Yakobo, akisikia anatajwa, akapiga chafya. Watu wakacheka.

"Na mikono ikijaa?" niliuliza.

"Ikijaa imejaa. Anayekuja baadaye anapita tu, anakuja kukunukia. Ndiyo maana unataka migongo mingi. Chuma laini kinachong'aa hakikufai. Unataka kutu iliyochakaa, ya kuparuza, yenye vishimo na kingo nyingi. Unaijaza kwenye debe, unailowesha kidogo, unapitisha gesi ndani ya debe kabla haijafika jikoni. Salfa itapenda kutu kuliko itakavyopenda medali yako. Itabaki hukohuko."

Kutu. Kitu tunachokitupa. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kichwani nyumba zenye majembe ya zamani, wakati yule mzee wa nyuma aliposema, "Basi Mama Yakobo ana bahati. Mwalimu anatafuta kutu, na yeye nyumbani kwake anaye Mkutu mzima."

Hapo darasa lilivunjika. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Mama mkwe wangu, Bibi Filomena, si mtu wa mlimani. Ni Mkutu, amezaliwa kule bondeni Mvuha, akaolewa huku akiwa msichana, na watani wa huku hawajamwacha hata leo.

*

Nyumbani nilimkuta anachambua mboga. Nilimwamkia, nikampa Yakobo ampakate, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote kama nilivyoyasikia. Kosa langu ni kwamba nilianza na kiberiti.

"Moto na kiberiti," akasema. Aliweka majani chini. "Nilijua. Pua ya mtu mzima haidanganyi. Ndicho unachompikia mjukuu wangu."

"Lakini kina dawa, mama."

"Dawa gani ya jehanamu?"

"Kutu."

Alinikazia macho. "Nani amekufundisha utani huo?"

"Si utani, mama. Kutu ya chuma. Mwalimu Hatibu ndiye aliyesema."

"Ahaa. Mdigo naye ameshaanza." Akarudi kwenye mboga zake. Baadaye kidogo, bila kuniangalia, akauliza, "Na kiberiti kikishikwa huko kwenye kutu, mtoto hatakivuta?"

"Hatakivuta. Na moshi hatauvuta. Lakini nikikosa kutu mpaka Jumapili, tunarudi kwenye kuni."

Yakobo alikuwa amelala mapajani mwa bibi yake, naye akawa anampangusa ute wa mdomo kwa ncha ya kanga, polepole, kama anafuta kitu kinachoweza kuvunjika.

Kesho yake nilizunguka nyumba kwa nyumba. Nilibisha hodi, nikaamkia, nikaeleza: naomba chuma chenye kutu, chochote, jembe lililokufa, bati, misumari, waya. Ni kwa ajili ya jiko la watoto. Kila nyumba iliniahidi. Wengine walinionea huruma kabisa. Bibi mmoja aliniuliza kama Severini ameacha kuleta matumizi.

Ijumaa mchana wakaanza kuja. Nilikuwa nimetandika gunia mbele ya jiko, na Mwamvita amekaa pembeni anapokea. Mama wa kwanza akafungua kanga yake, akatoa majembe. Yaling'aa. Nikaona taswira ya mkono wangu ndani yake. Wa pili akaleta misumari imesuguliwa mmoja mmoja, myeupe kama meno ya mtoto. Wa tatu akaleta bati, limesuguliwa na kupakwa mafuta ya nyonyo, linateleza.

Mwamvita alinitazama, akatazama misumari, akajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika.

Nilipaswa kulijua. Huku kwetu hutoi chombo kichafu nyumbani kwako kwenda kwa mwenzio. Ukiazima ungo unaurudisha umepanguswa. Ukitoa sahani ya chakula kwa jirani, hata kitako chake unakiosha, maana ukimpelekea mtu kitu kichafu umempelekea uchafu wa nyumba yako. Nani angechukua jembe lenye kutu, apite nalo njiani mbele ya watu, alipeleke kwa Mama Yakobo?

"Tulisikia unaomba chuma chenye kutu," mama yule wa bati aliniambia kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. "Tukasema, maskini, ana haya, hawezi kuomba kizuri. Tukaona tukusugulie."

"Mmesugua na nini? Sabuni yenyewe haipo."

"Mchanga na magunzi. Mikono imetuisha."

Nilimshika mikono yake miwili. Kweli ilikuwa imechubuka. "Ahsanteni sana," nikasema, na nilikuwa nasema kweli, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Walipoondoka, Mwamvita alijifunua uso. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Sasa utafanyaje? Tukiviweka nje vishike umande?"

"Vimesuguliwa mno, na vingine vimepakwa mafuta. Havitashika kutu ya kutosha kufikia Jumapili, hata ukivilaza mtoni."

Aligusa lile bati, mafuta yakambaki kidoleni. Halafu akasema, "Nitakuwa nakubebea Yakobo. Nikiwa sina cha kufanya nitakuwa nakaa naye nje, wewe upike." Alisema hivyo mtu mwenye mimba, mwenye shamba, mwenye watoto wake mwenyewe. Nilijua halitawezekana, naye alijua.

*

Nilipanda nyumbani miguu mizito. Yakobo alikuwa amebaki na bibi yake siku hiyo. Niliwakuta uani. Mtoto amekaa kwenye jamvi anagonga sufuria, na mama mkwe amepiga magoti jua la jioni likimpiga mgongoni, anasugua.

Alikuwa ameshusha kutoka darini majembe ya marehemu baba mkwe. Yale majembe hayakuguswa tangu alipozikwa. Yalikuwa yamelala juu ya dari, yamefunikwa na kutu nene kama gome la mti, na mimi sikuthubutu kuyaomba. Sasa yalikuwa yamepangwa ukutani, yamesuguliwa mpaka yamekuwa na rangi ya mvua.

"Nilisema sitaingia jikoni kwako," alisema bila kusimama, "na siingii. Lakini siwezi kukupa majembe ya mume wangu yalivyokuwa. Watasema Mkutu amepeleka kutu yake." Akanyoosha mgongo kwa shida. "Yatatosha? Kwa ajili ya mtoto?"

Nilipiga magoti karibu yake. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia, maneno ambayo hayataumiza, macho yangu yameangalia chini ili asiyaone. Na chini, kando ya goti lake, kulikuwa na rundo la magunzi aliyosugulia.

Yalikuwa mekundu. Unajua gunzi lilivyo baada ya kupukuchwa: safu kwa safu za vishimo, kila punje imeacha nyumba yake wazi. Kila kishimo kilikuwa kimejaa unga wa kutu. Umeingia, umenata, mwekundu kama udongo wa Mvuha. Niliokota moja nikalipiga kwenye kiganja. Kutu haikutoka. Nilikuwa naona ubao wa Mwalimu Hatibu, ngazi kwa ngazi, na kile kishimo alichokitoboa kwa chaki.

"Mama, magunzi haya unayapeleka wapi?"

"Wapi tena? Jikoni, nikawashie moto."

"Usiyachome. Tafadhali, mama. Usichome hata moja."

Aliniangalia kama anayeangalia homa. Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, maneno yakikanyagana, kwamba kutu haijapotea, imehama, imetoka kwenye chuma ikakaa kwenye gunzi, na kwamba sasa imekuwa unga, na unga una migongo mingi kuliko pande la chuma, na gesi itapita katikati ya magunzi bila kuziba. Sijui alielewa kiasi gani. Aliposikia kwamba kazi yake haikupotea, aliketi chini, akavuta pumzi.

"Kwa hiyo nimesugua vizuri?"

"Umesugua vizuri kabisa, mama."

"Basi kimbia. Wenzio wanapika saa hizi."

Nilikimbia. Nyumba zilezile, hodi zilezile. Nyumba mbili walikuwa wameshawasha nayo. Moja yalikuwa mafigani yanashika moto, nikayatoa kwa vidole. Mwamvita alinikuta njiani, akajiunga, akawa anasema kila mlango kabla sijafungua mdomo: "Msishangae. Jana aliomba chuma, leo magunzi, kesho atakuja kuwaomba maganda ya ndizi." Tulirudi na gunia limejaa, na nguo zetu nyekundu kama tumetoka kufinyanga.

*

Jumamosi asubuhi Yunusi, fundi wa baiskeli, alilitoboa debe akaunga vipande viwili vya bomba, kimoja chini cha kuingilia gesi, kimoja juu cha kutokea. Tulinyunyizia magunzi maji kidogo, tukayapanga yasibanane sana, tukafunika, tukaziba kila mwanya kwa nta ya nyuki. Mwalimu Hatibu alisimama na shuka lake shingoni, akatuambia tuiache gesi ipite kwanza itoe hewa iliyomo ndani ya debe, asiwashe mtu njiti mpaka aseme yeye. Tukangoja. Kisha akasema, nami nikawasha.

Moto ukawa wa buluu kama kawaida. Nikateleka sufuria.

Kivuli kikaziba mlango. Mama mkwe alisimama hapo, kizingitini, hajaingia na hajabaki nje. Mkononi alikuwa na medali. Alikuwa ameisugua kwa majivu na ndimu, inawaka. Akapita mbele yetu sote, akaitundika kwenye msumari juu ya jiko.

"Na aamue mwenyewe," akasema.

Akamtoa Yakobo mgongoni mwangu, akamfunga mgongoni mwake, akakaa hapohapo.

Shida ni kwamba mimi nilikuwa siwezi kuamini pua yangu. Nilikuwa nimeizoea ile harufu mpaka sijui ipo au haipo. Mwalimu alikuwa na mafua ya baridi yetu. Mama mkwe alinusa akasema yeye haamui. Basi tukamwita Mwamvita, mwenye pua ya mjamzito, ambaye wakati ule alikuwa anaweza kunusa kitunguu kilichomenywa nyumba ya tatu.

Aliingia amejiandaa, mkono mdomoni. Akasimama katikati ya jiko. Akashusha mkono. Akavuta pumzi, akafumba macho, akavuta tena. Nilimtazama uso kama mtu anayetazama mizani ya zahanati.

"Kuna harufu," akasema.

"Ya mayai?"

"Ya uji. Unaungua."

Kweli nilikuwa nimeacha kukoroga. Niliurukia mwiko, na nyuma yangu nikasikia mama mkwe anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba mkwe alipoondoka, na Yakobo mgongoni kwake naye akacheka kwa sababu mgongo unatikisika. Watoto walikunywa uji ulioungua. Waliunywa wote. Yule wa kuku aliyeatamia bure akaomba mwingine, akauliza leo tumeweka nini.

Mkutano wa Jumapili haukuwa mrefu. Mzee Daniel alikuja kwanza jikoni, akasimama palepale alipokuwa amesimama siku ile, lakini sasa amefunga mdomo, anapumulia pua. Akaitazama medali. Bikira Maria alikuwa anaonekana mpaka vidole vya miguu. Mzee akavua kofia, sijui kwa ajili yake au kwa ajili ya gesi, na alipokwenda kusimama mbele ya watu alisema tu kwamba kuhusu pipa, libaki lilipo. Mwenye neno aseme. Hakuna aliyekuwa na neno, isipokuwa yule mzee wa darasani, aliyetaka iandikwe kwamba kijiji kimeokolewa na Mkutu.

"Andikeni," mama mkwe akajibu kutoka nyuma. "Na muandike kwamba Waluguru walileta misumari inayong'aa."

*

Baada ya muda harufu ilianza kurudi kwa mbali. Tulifungua debe nje, tukakuta magunzi yamekuwa meusi, kutu yote imegeuka rangi. Mikono yote imejaa, nikawaza. Mwalimu alikuwa ametuambia la kufanya, lakini mama mkwe hakutaka tulifanye sisi. Aliyatandaza mwenyewe kwenye jamvi kivulini, akayanyunyizia maji, akawa anayageuza polepole, maana yakirundikwa yanaweza kushika moto. Yalipata joto. Aliniita niyaguse. Yalikuwa na joto kama la mtoto aliyetoka usingizini, na mbele ya macho yetu weusi ukaanza kupauka, wekundu ukarudi kidogo kidogo.

"Kumbe yanapumua," akasema.

"Hewa inaiondoa salfa pale ilipokaa, mama. Chuma kinapata oksijeni tena. Lakini si kama mwanzo. Kila safari salfa nyingine inabaki imefunika. Siku moja yatakataa, itabidi tusugue mengine."

"Mgongo gani usiochoka," akasema. "Kutu ipo. Ninyi watu wa mlimani mna mvua."

Ndiye anayelitunza debe mpaka sasa. Watoto wanamwita Bibi Kutu, naye anaitika. Severini alipokuja kutoka Mtibwa alimkuta mama yake jikoni kwangu, amekaa chini ya medali, mtoto mgongoni, anakoroga uji. Alibaki mlangoni na kifurushi chake cha sukari, hajui amwamkie nani kwanza.

Ilikuwa bado baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilisogea nyuma ya mama mkwe nikamfungulia Yakobo kanga kidogo, nikaweka sikio mgongoni mwa mtoto kama alivyofanya mganga. Mama mkwe aliacha kukoroga ili nisikie vizuri.

"Vipi?"

"Kimya," nikasema. "Moyo tu."

Akaendelea kukoroga.